Mama, Ngozi Niliyokwenda Siyo Yako

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza kuongea na wewe bila shikamoo nitaona kama umenikata jicho lako lile, hata huko uliko. Kwa hiyo shikamoo kwanza, halafu tuongee.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako hapa Titye, Kigoma. Jiko lako Kaka Zakaria amelipaka udongo upya, mbuzi wako mweusi amezaa, na Baba ameanza kunywa chai bila sukari kwa sababu anasema sukari ulikuwa unaitia wewe na hajui kipimo. Mimi nilitakiwa niwe nimerudi Mbeya kwenye cherehani yangu, sare za shule zinanisubiri, mume wangu kila siku anapiga simu ananiuliza narudi lini. Namwambia kesho. Siendi. Kuna jambo nimelibeba tangu siku ya kukuzika, na sijui nimwambie nani kama siyo wewe mwenyewe.

Mama, Ngozi niliyokwenda mimi siyo Ngozi yako.

Haya, nimesema. Ngozi yako iko Burundi, kule juu kaskazini, kwenye vilima vya kahawa ulikozaliwa wewe na pacha wako Bukuru, mkakimbia ukiwa binti tu na mimba ya Zakaria tumboni, na tangu hapo hukurudi tena. Ngozi yangu ni mlima, uko Mbeya. Ni volkano ya zamani yenye ziwa ndani yake, watu wanakwenda kutembea na kupiga picha. Jina ni moja, basi. Mtu wa Mbeya ukimwambia Ngozi anajua ni mlima wake. Mtu wa Dar hajui hata moja. Ni sisi tu, watoto wa wakimbizi tuliotawanyika kwenda kutafuta maisha, ndio tunaoweza kukorogwa na jina hilo mpaka tukalia.

Unaikumbuka ile simu? Nilikupigia asubuhi nikiwa kwenye Kosta ya kukodi, kwaya yetu nzima ya Uyole, watu wanaimba, dirisha linagonga. Kitochi chako nacho spika ilikuwa imekufa nusu. Nikakuambia kwa sauti, "Mama, leo naenda Ngozi! Nitapanda farasi!" Ukaniambia nirudie, nikarudia. Halafu ukasema, "Ngozi? Unakwenda Ngozi, mwana wanje?" Nikasema ego, ndiyo Mama, naenda Ngozi, tunarudi jioni. Hilo la jioni sijui kama ulilisikia. Ukaanza kucheka, kile kicheko cha kupumua puani, ukasema, "Nisalimie wa huko wote." Mimi nikaona ni wewe tu, si unasalimiaga hata makondakta? Kisha ukasema neno, sauti inakwaruza, mimi nikasikia, "Msalimie Mkubwa."

Nikajibu, sawa Mama, salamu zimefika.

Mkubwa! Nikadhani unamaanisha mkubwa wa msafara. Nikamwinamia mwenyekiti wa kwaya kwenye kiti cha mbele, nikamwambia, "Mwenyekiti, Mama anakusalimia sana." Alivyofurahi yule baba! Siku nzima alikuwa ananiita binti wa mama mwenye heshima. Kumbe ulisema Bukuru. Ulikuwa unamtumia salamu pacha wako, na salamu zako nikampa mtu wa sauti ya tatu ambaye hajawahi hata kufika Kigoma.

Ngoja nikusimulie siku yenyewe, maana watu wote hapa wamenitaka niisimulie na sijaisimulia kwa ukweli hata mara moja.

Kuna mzee mmoja pale chini ya mlima, polisi mstaafu aliyekuwa kwenye kikosi cha farasi. Sote tunamwita Afande. Ana farasi wake wachache anawafuga pembeni ya shamba la viazi, na mkimlipa anawapandisha mpaka pale msitu unapoanza, halafu mnaendelea kwa miguu. Mama, baridi ya pale! Ukungu unapita katikati ya viazi na pareto, pumzi za farasi zinatoka moshi. Akina mama wa kwaya tulivaa suruali ndani, vitenge juu, tukawa vituko. Mtu wetu wa besi, ambaye ni mnene, farasi alimgeukia akamtazama, kisha akahama. Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Mimi nilipewa farasi wa kahawia anaitwa Sajini. Nilipokaa juu ya tandiko nikaona ardhi imeshuka ghafla. Nikashika hatamu kwa nguvu zote, na Afande akanifokea, "Wewe mama, huyo siyo mbuzi unampeleka gulioni! Legeza!" Nikalegeza. Ulikuwa unatuambia ng'ombe anamjua mtu mwoga. Farasi naye anamjua. Sajini alisimama kila baada ya hatua chache kula majani ya viazi ya watu, mimi nambembeleza kwa Kiswahili, hasikii. Mwisho nikachoka nikamwambia, "Genda! Genda we!" kama tunavyoswaga ng'ombe nyumbani, na eti akaenda! Akaanza kukimbia kidogo kidogo, mimi naruka juu ya tandiko napiga kelele Yesu wangu, Yesu wangu, kwaya nzima nyuma inanicheka. Afande akasema huyu farasi kumbe ni wa kwenu.

Kwenye ukingo wa msitu tukashuka. Miguu yangu haikutaka kukutana tena. Pale ndipo mlima unaanza kukuonyesha kazi. Njia ni matope na mizizi, mianzi imeinama pande zote, unashika mzizi unajivuta, unashika mwingine, majani ya kuwasha yanakungoja pale pale unapotaka kuegemea. Kijana aliyetuongoza alituambia kwamba zamani mlima huu ulilipuka, moto ukatoka ukaisha, kisha kichwa chake kikazama ndani na maji ya mvua yakajaa. Nikawaza, kumbe hata mlima unaweza kubaki na shimo namna hiyo.

Tukafika juu hatuoni kitu. Ukungu mtupu. Watu wakaanza kulalamika, tumepanda bure. Tukakaa tukala mihogo ya kuchemsha na chai. Halafu ukungu ukafunguka, na pale chini, mbali kabisa, kuna ziwa. Kijani, Mama, lakini kijani kama mtu ametia maziwa. Limezungukwa na kuta za msitu pande zote, hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mtumbwi. Sisi ni kwaya, lakini hakuna aliyeimba. Mwenyekiti ndiye aliyetushtua, tukaimba wimbo mmoja, na sauti ikashuka huko chini ikakaa kidogo, kisha ikaturudia. Mimi nikalia. Wenzangu walidhani ni Roho. Ni wewe niliyekuwaza, nikasema Mama angeona hapa. Nikatoa simu nikupigie. Hakuna mtandao.

Wakati wa kushuka nilianguka, nikachafuka mpaka mgongoni. Sajini nilimkuta amefungwa pale pale, nikampanda na kumwachia aende anavyojua. Nikalala juu ya shingo yake, joto lake linanipanda tumboni. Nilikuwa na furaha. Nakuambia wazi kwa sababu ndiyo kitu kinachonitesa. Nilikuwa na furaha kama sijawahi, na wewe hapa Titye ulikuwa na furaha yako kwa ajili yangu, na furaha zetu zote mbili zilikuwa zimekosana njia.

Jioni nikapiga, simu yako imezimwa. Kesho yake imezimwa. Keshokutwa alfajiri akapiga Kaka Zakaria, analia, anasema Mama hajaamka. Halafu katikati ya kilio akaniuliza, "Umeshavuka mpaka?" Nikamuuliza mpaka gani, wewe Kaka, unaongea nini? Akasema, "Njoo tu. Njoo na mzee kama anaweza safari." Nikajua msiba umemchanganya akili. Nikapanda basi la Sumbawanga, nikaunganisha Mpanda, njia nzima sijui nilikula nini.

Walikusubirisha, Mama. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, kaburi liko tayari, mchungaji anatazama mawingu, na hawakuzika. Niliposhuka kwenye bodaboda wote wakasimama. Nikadhani wananipokea mimi. Kumbe hawakunitazama hata usoni, walikuwa wanatazama nyuma yangu. Wanatafuta mzee. Mama Devota jirani yako akanikumbatia akaninong'oneza, "Bukuru yuko wapi? Amebaki Kasulu?" Nikasema Bukuru gani, mjomba si yuko Burundi? Akaniachia akanitazama kama mtu aliyeungua.

Yeye ndiye aliyenieleza usiyonieleza. Kwamba baada ya ile simu ulioga, ukavaa kitenge chako cha sikukuu, ukaenda nyumba kwa nyumba. "Mwanangu yuko Ngozi! Amekwenda na farasi kama mapadri wa zamani! Anamfuata kaka yangu!" Wewe ambaye ulikuwa hutoki kitandani kwa presha, ambaye chakula ulikuwa unakitazama tu. Ulipika maharage kwa mawese, ukaita watu wakala, ukala na wewe. Ulicheza, Mama Devota anasema, mikono juu kama pembe za ng'ombe, mpaka Baba akakushika ukae. Kitochi ulikizima mwenyewe ili chaji isiishe kabla Bukuru hajaongea na wewe. Ulikuwa unasema nikifika kwake tu, utakiwasha umsikie. Ulilala siku mbili ukicheka, siku ya tatu hukuamka.

Sasa niambie, mimi ningesema nini mbele ya jeneza? Tukakuzika bila yeye.

Usiku ule ule Kaka Zakaria alinivuta pembeni, nikamweleza Ngozi niliyokwenda ni ipi. Unamjua, haombi, anaagiza, lakini safari hii aliomba. Akasema, "Dada, Mama amekufa na furaha. Usimnyang'anye." Akataka siku ya kunawa mikono, ile tunayoiita gukaraba, nisimame mbele ya watu niseme nilifika, nilimwona mjomba, ni mzee hawezi kusafiri, anatusalimu. Maneno machache tu, watu wanawe waende makwao. "Na Baba pia," akasema. "Baba anakaa pale kimya. Akisikia ulikwenda kuangalia ziwa, utamuua." Nilimchukia kaka yangu kwa dakika nzima. Halafu nikaona ana haki. Ungefanya nini wewe? Si wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgonjwa huambiwa anaendelea vizuri?

Nikaanza na Baba. Nilifikiri nikiweza kwake nitaweza mbele ya wote.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage. Nikakaa chini karibu naye. Nikamwambia Baba, nilifika Ngozi. Akasema mmh. Nami uongo sikuwa nao wa kutosha, nikachota kule nilikotoka. Nikamwambia kuna baridi, kuna ukungu, kuna mashamba ya viazi mpaka juu. Akasema mmh. Nikamwambia nilipanda farasi wa kahawia, tukapita msitu wa mianzi, tukatokea juu kabisa, tukaona ziwa la kijani, na mjomba Bukuru anakaa karibu na hapo, ana mvi, anacheka kama Mama, anawasalimu.

Baba akaweka ungo chini. Akasema, "Ngozi hakuna ziwa, mwanangu."

Akachukua ungo tena, akatoa jiwe moja, akalitupa. "Na farasi nilimwona mmoja tu, wa padri, nikiwa mtoto. Alikufa kabla sijaoa." Na ndipo akasema kile alichokuwa hajamwambia mtu tangu alipokanyaga nchi hii. Akasema, "Halafu Bukuru nilimfukia mimi."

Kaa chini, Mama, kama huko kuna mahali pa kukaa.

Anasema mlipokimbia, ninyi wanawake mlitangulia, yeye na Bukuru wakabaki nyuma na ng'ombe waliosalia. Njiani Bukuru akashikwa na tumbo la kuhara damu. Baba alimbeba mgongoni. Walivuka Malagarasi, wakafika upande huu, upande wa Mabamba kule Kibondo, na Bukuru akasema niweke chini kidogo. Hakuinuka tena. Baba aliazima jembe kwa mtu asiyemjua, akamzika hapo, akaweka mawe. Bukuru yuko Tanzania, Mama. Miaka yote ulikuwa unatazama jua linakozama, pacha wako alikuwa mahali ambapo mtu akitoka hapa asubuhi kwa gari la Kibondo, jioni amefika.

Baba alipokukuta kambini ulimkimbilia ukamuuliza, Bukuru yuko wapi? Akakujibu, "Amerudi nyumbani." Anasema kwa wazee wa upande wake pacha akifa hawatamki kifo, kwa kuogopa mwenzake atamfuata. Wanasema amerudi nyumbani, na kila mtu anaelewa, wanainamisha vichwa. Yeye alikuwa amekwambia kwa heshima yote aliyokuwa nayo kwamba kaka yako amekufa. Akasubiri ulie. Wewe ukasema, "Afadhali. Atawaangalia wazee." Kisha ukaomba maji ya kunywa.

Baba anasema alisimama pale na kikombe mkononi, hakuweza. Ulikuwa na tumbo kubwa, miguu imevimba. Akasema moyoni ajifungue kwanza. Ukajifungua Zakaria, akasema amnyonyeshe kwanza. Halafu mkahamishwa, halafu nikazaliwa mimi, halafu mkapewa shamba. "Uongo ukishazaa watoto," Baba akaniambia, "huwezi kuufukuza nyumbani." Nilimkasirikia. Nilitaka kumtupia ule ungo. Nilimwambia, Baba, Mama amekufa anamsubiri mtu aliyekufa! Aliinamia ungo. Alikuwa analia bila sauti, na mimi sijawahi kumwona Baba analia, sikujua hata nimshike wapi.

Mama, nina swali, na ndilo linalonizuia kurudi Mbeya. Ulijua?

Kwa sababu wewe mwenyewe ni pacha. Jina lako lenyewe ni Butoyi, pacha mdogo, na Bukuru ndiye mkubwa. Haiwezekani hukuwahi kuisikia lugha ile ya wazee, hata kama kwenu walisema vingine. Na nakumbuka wakati wa malori ya kurudisha watu kwao, wale wa kambi ya Mtendeli walipokuwa wanaondoka, wengine walipita hapa kuaga. Kila mtu alikuwa anatuma kitu, kitenge, picha, jina la ndugu. Walikuuliza, Mama Zakaria, huna salamu za Ngozi? Ukasema hapana, nitapeleka mwenyewe. Hukumtuma mtu. Hata mara moja hukumtumia Bukuru salamu kwa mtu yeyote. Mimi nilikuwa naona ni maringo yako. Sasa naona labda ulikuwa unaogopa mtu atarudi na jibu.

Basi kwa nini mimi? Kwa nini siku ile, kwenye kitochi kibovu, ukanipa salamu ambazo hukumpa mtu maisha yako yote? Ulichoka kuogopa? Au ulijua unakwenda, ukaona heri usafiri na furaha kuliko na ukweli? Nalala na swali hili, naamka nalo. Wakati mwingine nakuona ulijua kila kitu na ulikuwa unamlinda Baba asijue kwamba unajua. Wakati mwingine nakuona hukujua chochote, unazunguka huko unamtafuta. Sijui ni kipi kinaniuma zaidi.

Siku ya kunawa ilifika. Watu wakaja, mchungaji akaomba, maji yakaletwa kwenye beseni. Kaka Zakaria akanipa ishara kwa macho. Nikasimama, mdomo nimeufungua, na ninakuapia sijui ningesema lipi. Baba akanyanyua mkono. "Kaa, mwanangu. Hili si lako."

Akasimama yeye. Unamjua Baba, hata harusini kwangu alisema sentensi mbili. Siku ile alisema yote, mto, ng'ombe, jembe la kuazima, mawe, kikombe cha maji. Wazee waliotoka upande wa kwao aliposema "amerudi nyumbani" waliinamisha vichwa papo hapo, wote, bila kuambiwa. Wengine hawakuelewa mpaka alipomaliza. Mama Devota akapiga ukunga. Kaka Zakaria akaondoka, akaingia kwenye migomba, tukamsikia anapiga kitu kwa panga. Mtu mzima na mvi zake. Uongo wote ule ulikuwa umefanywa kwa ajili yake akiwa tumboni, na hakuna aliyemuuliza.

Tukanawa, mmoja mmoja, kwa ajili yako. Baba akanawa wa mwisho, akajifuta. Beseni likamwagwa. Watu wakaanza kuinuka, na yeye akabaki palepale, mikono ameinyoosha mbele. Akasema, "Leteni mengine." Hakuna aliyesogea, maana hatukuelewa. Akasema, "Ya Bukuru. Sijawahi kunawa ya Bukuru."

Ni Zakaria aliyeleta. Alitoka migombani na jagi, macho mekundu, akapiga goti mbele ya Baba akammiminia, pole pole, na Baba akasugua mikono ile kana kwamba udongo wa Mabamba bado umo kwenye kucha. Mpaka leo hawajaongea vizuri, nisikudanganye. Zakaria anamwamkia, anampa chakula, anaondoka. Itachukua muda. Baba anasema anamwelewa.

Sasa nikuage, maana moshi umenijaa machoni na Baba anauliza uji. Nakuahidi hili. Kabla ya sherehe ya kukuondolea matanga mwakani, kiangazi kikikaza na njia ikikauka, nitarudi kutoka Mbeya, nitamchukua Baba tutakwenda Kibondo mpaka Mabamba. Miguu yake haina nguvu, na sijui kama atapatambua. Mawe huchukuliwa, watu hulima. Anasema atapanusa. Zakaria nimemwambia aje, akasema ataangalia. Nadhani atakuja.

Na tukilikosa kaburi, Mama, nitamwambia Baba anyooshe kidole popote, na hapo hapo nitakaa chini nimlilie mjomba wangu kwa sauti, kwa jina lake. Wewe tumekulilia, uwanja mzima. Yeye hajaliliwa na mtu hata mmoja, kwa sababu sisi wote tulidhani yuko hai, na aliyejua alikuwa amezibwa mdomo na huruma. Nakwenda kumlilia mimi. Kama ulijua, pumzika, sasa tunajua wote na huna tena wa kumlinda. Kama hukujua, nisamehe kwa kukuambia hivi, kwa kalamu, wewe ukiwa peke yako huko.

Lakini nadhani hauko peke yako.

Mwanao,
Estela